Balozi wa Miaka Minane

Siku Wizara ya Mambo ya Nje ilipomteua kuwa balozi katika nchi aliyozaliwa, wakubwa wake walipeana mikono kama watu waliookota dhahabu barabarani. Kwenye jalada lake, penye nafasi ya lugha, paliandikwa neno moja: fasaha. Halikuwa uongo. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na lugha ya kule aliinyonya pamoja na maziwa. Ila hakuna aliyemuuliza, naye hakuona haja ya kujitangaza, kwamba alivuka mpaka akiwa na miaka minane, na lugha ile ikabaki na umri uleule.

Tangu wavuke, aliizungumza na mtu mmoja tu, mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mjane wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kuamrisha. Kwa hiyo Balozi alikuwa na lugha mbili ndani ya moja: ya mtoto anayecheza uani, na ya mama anayemkemea mtoto huyo. Alijua kusema "alianza yeye." Alijua kusema "nawa mikono" na "shuka hapo ukutani kabla hujavunjika mguu." Maneno kama "ushirikiano" na "kwa niaba ya serikali yangu" hayakupata kupita jikoni kwao hata siku moja.

Kwa lugha ya nchi iliyowapokea, mambo yalikuwa kinyume. Shuleni walimcheka namna alivyotamka, wakampa jina la Wakuja. Akajikaza kisabuni. Akaisoma lugha ile mpaka akawazidi waliozaliwa nayo, na alipoingia wizarani akawa ndiye anayepelekewa kila hotuba aipige pasi. Alikuwa na kipaji cha kuandika sentensi ambazo hata ukizikamua kwa mikono miwili hazitoi tone. Nchi ikiwa imekasirika, yeye aliandika kwamba "inafuatilia kwa makini." Ikiwa imeshindwa, "inaendelea kutafakari." Kwa sentensi hizo alipanda ngazi moja baada ya nyingine, kimyakimya, huku wapo waliokuwa wakinong'ona kwenye korido kwamba Wakuja ni wakuja tu, siku moja atawageuka, damu nzito kuliko maji. Minong'ono hiyo ilimfikia. Aliifuatilia kwa makini.

Basi akaenda. Alimchukua Mama, aliyesema haendi, kisha akawa wa kwanza kukaa kwenye gari na cherehani yake mapajani.

Ubalozini aliwapokea Katibu wa Kwanza, bwana mmoja mwembamba aliyeogopa kila kitu kisichoandikwa. Yeye ndiye aliyemwandalia Balozi hotuba ya kukabidhi hati za utambulisho kwa Rais, akaitafutia tafsiri, akaileta imepigwa chapa kwa herufi kubwa. Balozi aliikariri kama kasuku. Nusu ya maneno hakuyajua maana, lakini yalikuwa na mdundo mzuri.

Siku ya siku, ukumbini Ikulu, hotuba ilitoka bila kukwama. Mkuu wa itifaki akatikisa kichwa kwa kuridhika. Katibu akashusha pumzi. Hapo ndipo Rais, ambaye hakuwa ameandikiwa neno jingine la kusema, alipotabasamu na kuuliza la kwake mwenyewe:

"Karibu nyumbani. Safari ilikuwaje?"

Kwa lugha ya kazi, ile ya nchi iliyowapokea, Balozi angejibu kwamba safari ilikuwa ya kuridhisha na mandhari imemtia moyo. Akalitafuta jibu hilo katika lugha ya mama, akapapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, akakuta chumba kitupu. Akatafuta basi hata neno la "mheshimiwa." Hakuna. Mtoto wa miaka minane akikutana na mwanamume mkubwa kiasi kile humwita jina moja tu.

"Barabara ina makona mengi, babu," akasema. "Nilitaka kutapika."

Rais alikuwa mtu aliyepaka nywele zake rangi nyeusi kila Jumamosi, na pale Ikulu hata wajukuu wake walikatazwa kumwita babu mbele za watu. Mkuu wa itifaki alifumba macho. Mpiga picha alishusha kamera. Katibu wa Kwanza, ambaye lugha ile haijui, aliona nyuso za watu na mkono wake wenyewe ukaenda kwenye tai na kuilegeza.

Kisha mabega ya Rais yakaanza kutikisika.

"Makona yale!" akasema. "Hata mimi hunitapisha. Ndiyo maana siku hizi nakwenda kwa helikopta."

Kesho yake gazeti kubwa la nchi liliandika ukurasa wa kwanza: MTOTO WA NYUMBANI AMERUDI. Tangu siku hiyo hakuna kiongozi aliyekubali kuzungumza naye kupitia mkalimani. Kila alipofungua mdomo kwa lugha ya kazi, walimkatiza kwa upendo: "Aa, wewe ni wetu bwana, tuongee kwetu." Balozi akarudi nyumbani akiwa amelowa jasho, akamkuta Mama sebuleni anafumua mapazia ya serikali, ambayo alishaona yameshonwa ovyo.

"Mama, 'makubaliano' kwetu tunasemaje?"

"Makubaliano ya nini?"

"Ya watu wawili waliogombana."

"Tunasema, 'basi, yaishe.'"

"Na 'mazungumzo ya awali'?"

"Kaa chini."

"Na 'serikali yangu imesikitishwa sana'?"

Mama akakata uzi kwa meno. "Nimenuna."

Balozi akashika kichwa. Maji yalikuwa yamezidi unga, kwa sababu ugomvi uliompeleka kule haukuwa wa mchezo. Malori ya vitunguu kutoka nchi aliyoiwakilisha yalikuwa yamezuiwa mpakani, foleni imefika mpaka kwenye kona ya kituo cha mafuta, madereva wamekaa hata wameanza kufua na kuanika nguo kwenye vioo vya pembeni. Kwa kulipiza, nchi yake nayo ikazuia malori ya sabuni yaliyokuwa yakitoka upande huu. Basi upande mmoja watu walipika bila kitunguu, upande wa pili wakaoga bila povu, na serikali mbili zikaendelea kuandikiana kuhusu "kiwango cha unyevu kinachokubalika."

Unyevu haukuhusika, na kila mtu alilijua hilo. Katika mkutano uliopita, uliofanyika katika nchi aliyoiwakilisha Balozi, Waziri wa Biashara wa nchi hii, mtu mrefu wa mwili ulioshiba, alikaribishwa kiti. Akakaa. Kiti kikalia kwa uchungu, kikafunguka miguu minne pande nne, na Waziri akatua sakafuni mbele ya kamera za nchi mbili. Na kabla hajainuliwa, mwenyeji wake, Waziri wa Mambo ya Nje, ambaye ndiye bosi wa Balozi, aliangua kicheko. Si kicheko cha kuficha kwa kiganja. Alicheka mpaka machozi, mpaka akashikwa mikono na kutolewa nje. Wiki iliyofuata vitunguu vikawa na unyevu.

Hakuna barua hata moja iliyotaja kiti. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo kazi yenyewe ya kibalozi, na kwa upande wa Balozi ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote kwa ustadi.

Waziri wa Biashara alimpokea ofisini kwake. Viti vyote mle ndani vilikuwa vya chuma. Baada ya chai, Waziri alivaa miwani na kumsomea karatasi ndefu kuhusu vitunguu. Balozi alisikiliza kwa makini, akaelewa maneno matatu: kitunguu, maji na hapana. Pembeni yake Katibu wa Kwanza alishika kalamu na daftari, haelewi hata hayo matatu. Waziri alipomaliza alivua miwani, akangoja.

Balozi alijua anachotaka kusema. Alitaka kusema kwamba pande zote mbili zina wajibu wa kubaini chanzo halisi cha hali iliyojitokeza. Alikigeuza kichwani, akakipekua, akakirudia, na kila alipojaribu kukipitisha kwenye lugha ya mama, kilitoka upande wa pili kikiwa kifupi. Mwishowe akakiacha kitoke kilivyo.

"Mjomba," akasema, "umenuna?"

Waziri akainua macho. "Nini?"

"Umenuna. Vitunguu havina neno. Umenuna kwa sababu ulianguka."

Washauri wawili wa Waziri waligeukia dirishani kwa pamoja, kana kwamba kuna mtu kawaita huko nje.

"Mimi sikuanguka," Waziri akasema. "Kiti kilivunjika."

"Kiti kilivunjika, ukaanguka."

Waziri akafikiri kidogo. "Ndiyo."

"Uliumia?"

Tangu siku ile Waziri alikuwa ameandikiwa barua, amepigiwa simu, ametumiwa wajumbe. Swali hilo hakuna aliyemuuliza. Uso wake mkubwa ukalegea.

"Mgongo," akasema. "Mpaka leo nikiinama kufunga kamba za viatu, nausikia."

"Pole."

"Mgongo si kitu, utapona. Lakini walicheka." Naye sasa sauti ilikuwa imeshuka, na bila kujua alikuwa ameanza kusema kitoto vilevile. "Yule waziri wenu alicheka mpaka akatolewa nje. Wajukuu zangu wameiona picha kwenye simu. Yule mdogo, nikitaka kukaa tu, anakuja mbio kushika kiti. Anasema, 'Polepole, babu.'"

Balozi alihisi kicheko kikimpanda kooni. Akakimeza, kikashuka vibaya kama dawa. Kisha akamtazama yule mtu na viti vyake vya chuma, na hamu ya kucheka ikaisha yenyewe.

"Amekosa," akasema. "Kumcheka mtu aliyeanguka ni vibaya."

"Ni vibaya sana."

"Sasa unataka nini?"

"Aje aseme samahani."

"Akisema, utaviacha vitunguu vipite?"

"Vitapita."

"Sema kweli."

"Haki ya Mungu," akasema Waziri wa Biashara, akajilamba kidole na kukiinua juu.

Ndani ya gari Katibu wa Kwanza alifunua daftari lake jeupe. "Mheshimiwa, niandike nini?"

"Andika kwamba mazungumzo yalifanyika katika hali ya uwazi."

Taarifa ambayo Balozi aliituma kwa wakubwa wake ilikuwa safi. Alisema upande wa pili "ungethamini ishara ya kutambua mazingira yaliyojitokeza katika mkutano uliopita." Bosi wake hakuwa mjinga, akaelewa. Akapiga simu mwenyewe.

"Nakuja," akasema. "Wananchi wananuka, lazima nije. Lakini usinitarajie nimwombe mtu radhi. Serikali haiombi radhi kwa ajili ya fanicha."

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

"Nitasema serikali inatambua. Basi. Sizidi hapo."

Akaja. Alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, mwenye ugonjwa mmoja tu maishani, nao ni kucheka mahali pasipofaa. Alishatolewa kwenye mazishi mawili. Mlangoni pa ukumbi wa mkutano Balozi alimwona Waziri wa Biashara akikishika kiti chake mgongoni, akikitikisa kukijaribu kabla ya kukaa, na papo hapo akaona midomo ya bosi wake ikianza kucheza.

"Mheshimiwa," akamnong'oneza haraka kwa lugha ya kazi, "nakuomba uzingatie uzito wa tukio."

Halikuwa neno la kumwambia. "Uzito," bosi akarudia kwa sauti nyembamba, akachomoa leso na kuing'ata.

Waliketi. Mkalimani rasmi wa serikali, mzee nadhifu aliyevaa kizibao, alisogeza kiti chake katikati na kukohoa kusafisha koo. Waziri wa Biashara akamwinulia mkono.

"Mkalimani wa nini? Balozi si yupo?"

Mkalimani akafunga mdomo. Lakini masikio yake yalibaki wazi, na yeye ndiye mtu pekee mle ndani, ukimwacha Balozi, aliyezijua lugha zote mbili.

Bosi alitoa leso mdomoni, akajiweka sawa. "Serikali yangu," akasema, "inatambua kwamba katika mkutano uliopita kulijitokeza mazingira ambayo, kwa namna moja au nyingine, huenda hayakuakisi kikamilifu moyo wa ujirani mwema."

Ilikuwa sentensi nzuri. Balozi mwenyewe ndiye aliyemwandikia. Sasa macho yote yakamgeukia, na katika lugha ya mama hakuwa na hata neno moja la kuanzia. Kutambua, mazingira, kuakisi: hewa tupu. Angeweza kumpisha mkalimani. Mkalimani angeitafsiri vizuri, neno kwa neno, na Waziri wa Biashara angeondoka na mgongo wake na vitunguu vingeoza. Na kusema kitu ambacho waziri wako hakukisema ni kosa la kufukuzwa kazi, hasa kama wewe ni Wakuja, hasa kama wapo wanaongoja siku utakayowageuka. Akaizungusha hereni ya sikio lake mara moja.

"Anasema samahani," akasema.

Mkalimani akageuza uso juu, akaanza kuichunguza feni ya dari.

Waziri wa Biashara hakutikisika. "Ana uhakika?"

Balozi akamgeukia bosi wake. "Anauliza kama huo ndio msimamo rasmi wa serikali."

"Bila shaka. Ndio msimamo wetu, na ni wa kudumu."

"Anasema haki ya Mungu. Hatarudia tena."

"Muulize kwa nini alicheka."

Hapo Balozi alisita. Akamwambia bosi: "Angependa kufahamu chimbuko la hali ile, kwa upande wako binafsi."

Labda alichoka na sentensi. Labda leso ilikuwa imemkausha mdomo. Bosi alitazama meza, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema kama mtu. "Mwambie mimi ni hivyo tangu utoto. Nikiogopa, nacheka. Kiti kilipokatika nilidhani amekufa."

Hilo Balozi alilitafsiri kama lilivyo. Halikumpa tabu, lilikuwa na maneno ya watoto matupu.

Waziri wa Biashara alinyanyuka, akaizunguka meza. Bosi naye akasimama, akiwa hajui kama anapigwa au anafanywaje. Yule mkubwa akamkumbatia yule mfupi mpaka miguu yake ikaachana na sakafu.

"Nimekusamehe," akasema juu ya utosi wake.

"Anasema nini?" ikauliza sauti ya bosi kutoka kifuani kule.

"Anasema ameridhishwa na matokeo ya mkutano."

Watu walipokuwa wakitoka, mkalimani alimfuata Balozi hadi kwenye ngazi. Balozi akajua yamemfika.

"Mheshimiwa," mzee yule akasema, akiinamisha kichwa kwa adabu, "'serikali yangu inatambua' ina neno lake katika lugha yetu. Zuri tu, refu. Ukitaka nitakufundisha."

"Nitashukuru sana."

"Lakini si leo," akasema. "Leo lingetuharibia." Akaenda zake.

Malori yalianza kupita kabla ya Ijumaa. Bosi alirudi nyumbani akimsifu Balozi kila mahali: kumbe lugha ni silaha, angalia nilivyosimama imara na bado jamaa akanikumbatia. Waliokuwa wakinong'ona kwenye korido walibadilisha mada. Balozi mwenyewe kwa muda wa mwezi mzima alishtuka kila simu ilipolia, kisha akazoea kuwa hakuna litakalotokea.

Kujifunza alijifunza kweli. Mkalimani alikuwa akija kila Jumatano jioni mapema, anafundisha mpaka chai iishe. Lugha ya Balozi ikaanza kukua. Ilipofika umri wa kuvunja ungo ikawa na kiburi, na kwa kipindi fulani kila kiongozi aliyemwuliza jambo alijibiwa kwa mkato mpaka Ikulu wakauliza kama ubalozi umekasirishwa. Baadaye ikatulia. Ikapata maneno ya mapenzi, ambayo mkalimani aliyafundisha huku akitazama dirishani, ikapata ya sheria, ikapata ya biashara, na mwaka wa kuondoka ulipofika Balozi aliweza kusema "kwa niaba ya serikali yangu" bila kupepesa.

Kwenye hafla ya kuagwa alisimama akatoa hotuba aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya mama. Ilikuwa hotuba ya mtu mzima hasa. Ilishukuru, ikatambua, ikathamini, ikasisitiza. Wageni walipiga makofi ya heshima. Waziri wa Biashara, aliyekuwa amekaa mbele, alimpongeza kwa mkono laini na uso wa mtu aliyeletewa zawadi ya soksi.

"Umekua," akamwambia kwa huzuni.

Balozi alicheka, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Wakiwa garini kurudi nyumbani, Mama, ambaye muda wote alikuwa amekaa wima ukumbini na mkoba wake magotini, alimgeukia.

"Ulikuwa unawaambia nini watu wale muda wote ule?"

"Nilikuwa nawashukuru, Mama."

"Kuwashukuru tu?"

"Kuwashukuru tu."

Mama akatazama nje, taa za barabarani zikimpita usoni. "Si ungesema asante," akasema, "tukala chakula kikiwa cha moto."